Feni Tatu, Lebo Nje

Kompyuta ya shangazi yangu ilikuwa na feni tatu juu ya prosesa moja, tena ilikaa katika chumba ambacho mwezi wa saba, saa sita mchana, wateja waliingia na makoti na kutoka bila kuyavua, na bado ilikuwa inazimika kwa joto. Niliyaandika hayo kwenye daftari siku ile ile, kwa kuwa nilijua nikija kuyasimulia sitaaminiwa. Feni ilipokuwa moja, mashine ilidumu kama dakika arobaini ndipo ikalia mlio mmoja mrefu na kuzima. Zilipokuwa mbili ikadumu nusu saa. Siku ilipofungwa ya tatu, shangazi hakumaliza hata barua ya mwalimu mmoja aliyekuwa anaomba uhamisho, na barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja.

Shangazi alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma lililokuwa na ofisi pale Sumbawanga. Alikaa nyuma ya taipureta zaidi ya miaka ishirini, akiandika barua za mabosi ambao, kwa maneno yake, hawakujua nukta inakaa wapi. Mashirika yalipoanza kuuzwa na mengine kufungwa, yeye na wenzake walipunguzwa. Wenzake walifungua vibanda vya soda, mmoja akanunua mashine ya kusaga. Shangazi alikwenda Dar es Salaam na kurudi na kompyuta. Alisafiri nayo kwa basi kupitia Tunduma, kioo chake akiwa amekipakata kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa, na kila basi liliporuka shimo alimwambia dereva kwamba hajabeba viazi. Akapanga chumba karibu na stendi, akaandika kwenye mlango kwamba hapa tunachapa barua, maombi ya kazi, katiba za vikundi na kadi za harusi.

Mimi wakati huo nilikuwa naandika habari za mkoa kwa gazeti moja la Dar es Salaam. Nilikuwa na meza pembeni mwa chumba hicho. Sikulipa kodi. Nilichotakiwa kufanya ni kuzuia karatasi zisiruke kila mlango ulipofunguliwa, maana upepo wa Sumbawanga wakati wa kiangazi hauombi ruhusa, na shangazi alikuwa na mawe saba ya kukandamizia karatasi ambayo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake.

Sasa lazima niseme kuhusu lebo, la sivyo mengine hayataeleweka.

Watu wa rika la shangazi walikuwa wamepita katika miaka ya kupanga foleni kununua sabuni. Bidhaa ziliporudi madukani, na mitumba ikaja pamoja nazo, mtu aliyenunua kitu kipya alitaka kijulikane kuwa ni kipya. Kochi lilibaki na nailoni yake mpaka ikachanika yenyewe. Miwani ya jua ilivaliwa na kibandiko kwenye kioo. Nilimfahamu diwani mmoja ambaye koti lake la suti lilikuwa na lebo kwenye mkono wa kushoto, na alipokuwa anahutubia alinyoosha mkono huo tu. Shangazi naye hakuwa nyuma. Jiko lake la umeme lilikuwa na karatasi ya dukani ambayo ilianza kuungua pembeni, akaizima kwa maji na kuiacha hapo hapo.

Fundi wake alikuwa kijana aliyeanza na redio na saa, akapanda kwenye vipaza sauti vya makanisa, kisha akaenda Mbeya majuma matatu kujifunza kompyuta. Nataka kuwa wa haki kwake: alikuwa fundi mzuri. Kitu kilichokufa kwa wengine kilifufuka mezani kwake. Lakini alikuwa na kanuni moja ambayo hakuifundishwa Mbeya. Chochote alichokifunga, alikifunga lebo ikitazama nje, upande wa mteja. Alisema mteja haoni umeme, anaona lebo.

Kompyuta ilifanya kazi mwaka mzima bila kukohoa. Kiangazi cha pili, vumbi jekundu la stendi likaingia, na shangazi akamwita fundi aisafishe. Fundi alifungua lile sanduku la mashine ambalo sote tuliliita sipiyu, akapuliza, akapangusa kwa brashi ya rangi, akaitoa feni iliyokuwa juu ya kile kipande cha alumini chenye mapezi membamba kama ya samaki. Kipande hicho ndicho kinachokaa juu ya prosesa na kunyonya joto lake. Alipoirudisha feni alifurahi sana, kwa sababu aligundua kwamba waliounda mashine waliifunga kwa kuficha lebo. Akairekebisha. Nilikuwepo. Siku hiyo sikuandika kitu, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya, maana kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Wiki iliyofuata mashine ikaanza kuzima.

Tulishuku kwanza kile kitambaa. Shangazi alikuwa ameifumia sipiyu kitambaa cheupe chenye maua, kama alivyoifumia redio, meza na jagi la maji. Kwake yeye mashine kukaa bila kitambaa mbele ya wageni ilikuwa sawa na mama mwenye nyumba kupokea wageni na kanga ya kulalia. Kukitoa kulichukua siku mbili za mazungumzo. Kikatoka, mashine ikaendelea kuzima, na kitambaa kikarudishwa kwa ushindi. Tukashuku umeme. Kisha fundi akasema kwamba joto ni joto, dawa yake ni upepo, na upepo mmoja hautoshi. Akafunga feni ya pili ubavuni mwa yale mapezi kwa waya wa shaba na vipande vya tyubu ya baiskeli. Ilipozidi kuwa mbaya akafunga ya tatu ubavu wa pili. Zote lebo nje. Mfuniko wa pembeni ukaachwa wazi, na ukweli ni kwamba zilipendeza. Watu walisimama mlangoni kuziangalia.

Mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia upande wa bondeni na ng'ombe wake, alikuja kuchapisha barua ya malalamiko kuhusu mipaka. Alikaa kwenye benchi na fimbo yake, akazisikiliza feni tatu zikivuma, mashine ikalia na kuzima katikati ya malalamiko yake. Hakukasirika. Alimwambia shangazi kwa upole kwamba kwake, ng'ombe akihema namna ile, anachinjwa mapema ili nyama isipotee.

Hali ilikuwa hivyo alipofika afisa taaluma kutoka Namanyere.

Alikuwa mwalimu zamani na wote walimwita mwalimu. Wilaya yake ilitaka mtihani wa majaribio wa darasa la saba uchapwe mbali na nyumbani, maana mwaka uliotangulia maswali ya hisabati yalifika Kabwe siku mbili kabla ya karatasi zenyewe, na wanafunzi wa huko walikuwa wamefaulu kwa namna ambayo hata wao iliwashangaza. Kwa hiyo akaja Sumbawanga na masomo matano yaliyoandikwa kwa mkono, yamo kwenye mkoba aliokuwa anaukalia. Alihitaji nakala moja safi ya kila somo, arudi nazo kwa basi la Jumamosi asubuhi, kisha zidurufiwe kwao na kusambazwa Kate, Kabwe na kwingineko.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi.

Kwa shangazi kazi hii haikuwa kazi nyingine. Barua za uhamisho na kadi za harusi zilikuja kwa bahati, lakini kazi ya wilaya, ikifanyika vizuri, ingerudi kila mwaka. Tena kulikuwa na mtu wa pili. Mtaa wa nyuma kulikuwa na mzee mmoja mwenye taipureta na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, aliyekuwa anachapia shule tangu kabla mimi sijaanza kusoma. Mashine yake haikujua umeme wala joto. Afisa alilisema wazi, bila ubaya. Mzee huyo alihitaji mchana mzima kukata stensili, zile karatasi za nta za kudurufia, za masomo matano. Kwa hiyo ikifika saa nane na masomo hayajakamilika, yeye angechukua mkoba wake na kwenda mtaa wa nyuma.

"Saa nane, mama," alisema. "Siyo saa nane na kidogo."

"Mimi nimefanya kazi na mabosi kumi na mmoja," shangazi akamjibu. "Hakuna aliyewahi kuningoja."

Afisa akafunga mlango kwa ndani, akaanza kupunguza watu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, kwa sababu alishaambiwa kazi yangu. Shangazi akamuuliza nani basi atashika tochi kama sipiyu itahitaji kuangaliwa, na nani atasimamia mawe. Afisa akafikiri, akanikubalia nibaki kwa sharti kwamba daftari langu likae mfukoni mwake. Lilikaa huko mpaka jioni, na yote ninayoeleza ya siku ile niliyashika kichwani.

Kiswahili kilichapwa na kutoka kabla ya saa tatu na nusu, ingawa mashine ilizima mara moja. Shangazi alikuwa na kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine, vidole havikuonekana, na hakutazama kibodi hata mara moja. Katikati ya hisabati mashine ikalia na kuzima tena. Akangoja ipoe, akawasha, akamaliza hisabati. Kwenye sayansi ikazima mara mbili. Ilipofika saa tano tulikuwa na masomo mawili kwenye karatasi na nusu ya somo la tatu kwenye disketi, na afisa alikuwa ameanza kuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mtaa wa nyuma unapitia wapi.

Fundi akaitwa. Kuingia kwake kulikuwa na masharti magumu kuliko yangu. Alitakiwa akae mgongo ukielekea kioo na afanye kazi bila kugeuka. Alijitahidi. Lakini kila mashine ilipowashwa kuipima, shingo yake ilizunguka taratibu kama ya bundi.

"Fundi," afisa akasema, "swali la nne halikuhusu."

"Nilikuwa naangalia mwanga wa kioo, mwalimu."

"Umeangalia mpaka ukasogeza midomo."

Afisa akavua koti lake na kulivika kioo. Kuanzia hapo alibaki na shati katika baridi ile, mbele ya feni tatu, na uvumilivu wake ukapungua haraka. Aliuliza ni nani aliyewahi kuona feni Sumbawanga. Alisema kwao Kabwe, ziwani, kuna joto, na hata huko hajaona mtu mwenye feni tatu. Fundi akaeleza kwa heshima kwamba tatizo ni kwamba hazijatosha. Alikuwa na ya nne kwenye begi.

Kila mashine ilipokuwa inapoa, shangazi alichukua sindano zake za kufumia na kuendelea na sweta ya shule, kwa sababu hakuwahi kuketi bure katika maisha yake. Safari hii aliiwasha mashine ili fundi asikilize, akaendelea kufuma palepale karibu na sipiyu iliyokuwa wazi. Uzi wa bluu uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye sindano ulipita mbele ya feni ya ubavuni. Ukasukumwa, ukaelea hewani kuelekea mlangoni. Shangazi akaacha kufuma. Akausogeza uzi mbele ya feni ya ubavu wa pili. Ukasukumwa vilevile, kuelekea ukutani. Akaunyanyua juu ya feni ya juu. Uzi ukasimama wima.

Alirudia mara mbili zote tatu, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma tena barua kabla haijasainiwa. Mimi nilikuwa nimeshika tochi na nilikuwa naona alichoona, lakini sikuwa nimeelewa.

"Fundi," akasema, "zote zinatoa. Inayoingiza ni ipi?"

Fundi alisogea. Akachukua uzi, akajaribu mwenyewe. Ilikuwa hivyo. Feni za namna ile hutoa upepo upande wa lebo, na kwa kuwa lebo zote zilitazama nje, feni zote tatu zilikuwa zinavuta hewa kutoka kwenye yale mapezi, kila moja ikiing'ang'ania isiende kwa mwenzake. Mapezi yalikuwa na milango mitatu na kila mlango ulikuwa wa kutokea. Kila feni aliyoiongeza ilikuwa imeziba mlango mmoja wa kuingilia. Na ile ya kwanza, iliyokuwa imefungwa vizuri na waliounda mashine, ndiyo aliyoigeuza siku ya kusafisha.

Ungedhani suala limekwisha. Ilikuwa saa sita na robo, na kilichotakiwa ni kugeuza feni moja ya ubavuni ili hii isukume ndani na ile ya upande wa pili ivute nje, na ile ya juu itolewe kabisa. Kazi ya dakika kumi. Lakini fundi alikaa ameshika bisibisi bila kuanza.

"Mama, hii nikiigeuza lebo inaingia ndani," alisema. "Watu watasema nimekuwekea mtumba."

"Watu gani?"

"Wanaosimama mlangoni."

Jambo la ajabu ni kwamba shangazi aliyumba. Nilimwona. Alizitazama zile lebo za fedha zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, zikiwa zimepangana vizuri, na akauliza kama hakuna namna nyingine. Fundi akapata moyo. Akasema labda wangegeuza sipiyu nzima itazame ukuta. Wakaanza kulijadili hilo kwa makini, upande gani, meza isogezwe au isisogezwe, mpaka afisa aliyekuwa amejikumbatia kwa baridi akasimama.

"Mimi sisafiri na lebo," alisema. "Nasafiri na mitihani."

Akachukua mkoba. Hakufika mlangoni. Shangazi alikuwa ameshamnyang'anya fundi bisibisi na kukata ule mpira wa tyubu kwa mkasi wa nyuzi, na feni ya juu ikatoka pamoja na waya wake. Fundi akaokoa zilizobaki zisikatwe. Akaigeuza ile ya kushoto. Hata hivyo, kabla ya kuifunga, aliibandua lebo polepole kwa kucha, akaibandika upande wa mbele, juu ya kitovu kinachozunguka, ili angalau ionekane. Feni ilipowashwa lebo ikazunguka nayo na kuwa duara la fedha, na sehemu yote ikaanza kutetemeka kwa mlio kama wa nyuki kwenye chupa.

Shangazi akashika uzi. Upande wa kushoto uliingia. Upande wa kulia ulitoka. Kwa mara ya kwanza hewa iliyokuwa inatoka ilikuwa ya moto, ukiweka kiganja unaisikia, na afisa akasogeza kiti chake upande huo bila kuambiwa.

Mashine haikuzima. Sayansi ikatoka saa saba kasoro. Maarifa ya jamii ikafuata, kisha Kiingereza, ambacho shangazi alikichapa huku akisahihisha makosa mawili ya mtunzi kimyakimya na moja kwa sauti. Printa iliposukuma ukurasa wa mwisho ilikuwa saa nane kasoro dakika nne kwa saa ya afisa, na saa nane na dakika mbili kwa saa ya fundi. Fundi akavua saa yake na kuitia mfukoni. Afisa alihesabu kurasa, akazifunga kwenye mkoba pamoja na disketi, akavaa koti, akanirudishia daftari baada ya kulipekua lote, na kumwambia shangazi kwamba kazi ya mwaka ujao itakuja kwa barua rasmi ya halmashauri.

Hatukusikia kwamba maswali yalivuja. Kabwe, tuliambiwa, walifaulu kwa kiasi cha kawaida.

Miezi kadhaa baadaye yule mzee wa mtaa wa nyuma alikuja. Hakuwa amewahi kukanyaga pale. Shangazi alisimama, akamwamkia shikamoo; mzee akaitikia marahaba, akakaribishwa kiti akakikataa. Naye alikuwa amenunua kompyuta, na fundi alikuwa yule yule. Alisema yake ina feni nne na haimalizi ukurasa. Alikuwa amesikia kwamba mwanangu, ndivyo alivyomwita shangazi, anajua siri yake. Hakuficha alikokuwa anaelekea. Kazi ya wilaya ilikuwa inatolewa upya, na aliitaka.

Shangazi alimwomba watoke nje. Walisimama upande wa pili wa barabara, yeye na kanga mabegani, mzee na kofia yake ya sufu, kwa muda ambao mimi ningeweza kuandika habari nzima. Nilimwona shangazi akinyoosha mkono mmoja, kisha mwingine. Huenda alikuwa anaeleza upepo unaingia wapi na kutoka wapi. Huenda alikuwa anamwelekeza njia ya kwa fundi mwingine. Aliporudi nikamuuliza, akaniambia kwamba mambo ya wapiga chapa siyo habari.

Gazeti lilinihamishia Mbeya mwezi uliofuata. Barua ya halmashauri ilikuwa bado haijatoka.